Shajara ya Risasi: kumtayarisha punda kwa mbio za Maulidi, Lamu

Risasi ni punda dume wa kijivu, umri wake miaka sita hivi. Kazi yake ni kubeba mchanga, saruji na boriti kutoka ufuoni hadi ndani ya mitaa ambayo mkokoteni haupiti. Jina alipewa na vijana wa gati kwa kejeli. Asubuhi, soji (mfuko wa mzigo wa pande mbili) ikiwa mgongoni, husimama katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mjini, watu wakarundikana nyuma yake, naye anautazama ukuta tu. Lakini jioni mzigo ukishashushwa, akielekezwa nyumbani, huondoka shoti mpaka watu wajibanze milangoni. Ami yangu, ambaye alipanda mbio hizi ujanani, alimwona jioni moja akasema: “Mwanangu, huyo usimwache akabeba mchanga tu. Maulidi haya mtie.”

Naandika kila hatua inapokamilika, kwa faida ya mwenye punda anayetaka kuingia mbioni bila kumuumiza mnyama wake. Mambo ya kawaida nitayapita haraka. Penye kukwama ndipo nitakapokaa. Tarehe ni za mwezi mwandamo. Maulidi ya Lamu huwa Mfungo Sita, yaani Rabiul-awwal, na maji ya bahari nayo huufuata mwezi huohuo, na maji yasipokupwa hatuna uwanja wa mazoezi.

5 Mfungo Nne: kumpima kabla ya yote

Nimempeleka kliniki ya punda, ile ya shirika la Donkey Sanctuary iliyopo hapa tangu 1987. Matibabu ni bure; unacholipa ni foleni. Daktari alimpapasa shingo, mbavu na matako akampa alama 2 kati ya 5. Kipimo hiki waweza kukifanya mwenyewe nyumbani: 1 ni mifupa mitupu, 5 ni mafuta yaliyolalia shingo upande, na 3 ndiyo inayotakiwa, yaani mbavu huzioni kwa macho lakini ukibonyeza kwa vidole unazikuta. Za Risasi zilikuwa zinahesabika ukiwa umekaa barazani.

Halafu mapigo ya moyo. Vidole viwili chini ya taya, kwenye mshipa unaopita juu ya mfupa, hesabu sekunde 15 kisha zidisha kwa nne. Punda mzima aliyetulia huwa kati ya 36 na 52 kwa dakika. Risasi alitoa 44. Namba hiyo nimeiandika ukutani kwa mkaa, kwa sababu ndiyo itakayotuambia baadaye kama mazoezi yanamjenga au yanammaliza.

Tatizo likaonekana mgongoni: kidonda cha soji juu ya uti, sawa na sarafu ya shilingi ishirini. Daktari alisema hapandwi mtu wala habebi kitu mpaka ngozi ifunge. Basi maandalizi ya mbio yameanza kwa kutofanya lolote, na huku ndiko pesa inakoanza kutoka. Risasi huniingizia kama shilingi 700 kwa siku ya kazi.

16 Mfungo Nne: kidonda kimefunga

Dawa ya minyoo amepewa, meno yamepigwa tupa, kwato zimepunguzwa. Hakuna la kusimulia hapo.

La kusimulia ni soji. Kidonda kingefunga leo na kufunguka kesho kama chanzo kingeachwa. Soji zetu zinakaa moja kwa moja juu ya uti wa mgongo, na ukitia mchanga mbichi pande zote mbili, uzito wote unaning'inia kwenye mstari huo mmoja wa mfupa. Nimeshona mito miwili mirefu ya gunia nikaijaza sufi, nikaiunganisha kwa mikanda ya kitambaa ili kila mto ukae ubavuni kwake na katikati ibaki nafasi. Ukichungulia kutoka nyuma unauona mwanga ukipita juu ya uti. Mwanga huo ukipotea, sufi imelala na yahitaji kuongezwa. Gharama: shilingi 450.

Amerudi kazini kwa nusu mzigo, asubuhi tu.

25 Mfungo Nne: mchanga wa Shela na hesabu ya maji

Mazoezi tunayafanya ufuo wa Shela. Kutoka mjini ni kilomita tatu hivi kwa njia ya pwani, na mwendo huo wa polepole ndio wa kumpasha moto misuli. Ila njia yenyewe hufunikwa mahali na maji yakijaa, kwa hiyo ratiba yetu haiwekwi na saa ya ukutani.

Wavuvi wanayajua haya, lakini nayaandika kwa ajili ya wengine. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi kamili, maji hujaa alfajiri na kukupwa saa nne au saa tano mchana. Ufuo unakuwa mpana vizuri lakini jua limeshapanda, na punda akikimbizwa kwenye jua lile utamrudisha akiwa hoi. Ukitaka ufuo mpana jua likichomoza, subiri tarehe 9 hadi 12 ya mwezi, na tena 24 hadi 27. Siku hizo ndizo za kukimbia. Siku nyingine anatembea tu, au anapandishwa matuta.

Kuhusu matuta, mwanzo tuliyatumia vibaya. Watu husema mchanga mlaini unajenga miguu, na ni kweli, lakini ukimkimbiza humo unavuta kano za nyuma ya miguu kupita kiasi. Wiki ya kwanza nilikuta miguu ya mbele ina joto jioni. Sasa matuta anayapanda kwa mwendo wa kawaida na kushuka kwa mwendo wa kawaida. Telki, yaani mwendo wa harakaharaka, na shoti ni kwenye mchanga mgumu uliolowa, pale unapokanyaga bila kuzama. Kila jioni napitisha kiganja kwenye kano zote nne. Mguu wenye joto kuliko mwenzake unalala kesho yake.

Ijumaa hakuna zoezi wala mzigo. Nimekuja kujua kuwa punda wa ufuoni huko Blackpool, Uingereza, wana kanuni zao tangu 1942, na siku yao ya mapumziko ni Ijumaa. Ijumaa, si Jumapili! Nilipomwambia ami, alitaka kujua nani aliwasilimisha.

6 Mfungo Tano: mahindi yameshindwa

Kila mtu anayekuona ukizoeza punda ana ushauri wa chakula, na ushauri wenyewe ni mmoja: mpe mahindi, apate nguvu. Nikanunua mahindi ya shilingi 900, nikaanza na kibaba kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Siku za mwanzo alionekana amechangamka kweli, akirusha mateke hewani. Halafu kinyesi kikalegea, kikawa na harufu ya uchachu, na asubuhi moja nikamkuta amesimama akilitazama tumbo lake, akikwangua ardhi kwa mguu. Daktari alimsikiliza tumbo pande zote mbili, akamtibu, akaniuliza anakula nini.

Maelezo yake kwa ufupi: tumbo la punda limeumbiwa nyasi kavu na vitu vigumu. Wanga mwingi ukiingia kwa mkupuo haumeng'enywi wote mahali pake. Unateremka hadi utumbo mkubwa na kuchachuka huko. Ukiendelea hivyo, madhara hayaishii tumboni. Kwato nazo zinaweza kuvimba kwa ndani, na punda aliyepata ugonjwa huo huenda asikimbie tena maisha yake.

Mpango uliopo sasa ni nyasi muda wote, pumba kidogo zilizoloweshwa jioni baada ya zoezi, jiwe la chumvi la kulamba, na maji masafi mbele yake saa zote. Hilo la maji linapuuzwa sana. Punda ni mchaguzi wa maji kuliko tunavyomdhania. Ndoo ikiwa na utelezi anaweza kukaa na kiu bila kuigusa. Mahindi yaliyobaki wamekula kuku.

14 Mfungo Tano: zizi la peke yake

Hatua hii ndiyo iliyotaka kutumaliza.

Punda wa Lamu, kama ilivyo ada, wakimaliza kazi huachiwa watembee. Usiku hufika jaani kutafuta maganda na masalio. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017, na kweli imepungua, lakini jaani hakukosekani vifungashio, kamba na nyavu kuukuu, na punda aliyemeza vitu hivyo huziba tumbo. Nilipoanza kugharimia chakula cha Risasi niliona haifai amalizie usiku wake huko. Nikamtengea ua wa nyuma, nikamfungia humo na nyasi zake na maji yake.

Usiku wa kwanza alilia mpaka jirani akagonga mlango. Uliofuata hakulia, nikadhani amezoea. Kumbe alikuwa ameacha kula. Nyasi zilibaki kama zilivyowekwa, kichwa kimeinama, masikio yamelala pembeni. Nikatafuta homa, sikuiona. Nikaangalia mdomo, mzima. Punda haoneshi maumivu kama mbuzi anayepiga kelele. Akionekana mnyonge kidogo tu, ujue ndani ni zaidi ya unavyoona.

Daktari hakuuliza anakula nini safari hii, aliuliza: “Analala na nani?”

Jibu lilikuwa Kungwi. Kungwi ni jike wetu mzee, hajabeba mzigo miaka mingi, jina lake linatokana na tabia ya kuwafundisha adabu punda vijana kwa teke moja tu. Risasi amekua naye. Jaani huenda pamoja, hurudi pamoja, kivulini husimama kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule. Mimi nilichukulia ni mazoea ya kawaida. Daktari akanieleza kuwa punda hufungamana wawili wawili, na ukiwatenganisha ghafla anaweza kususa chakula. Kususa kwenyewe ndiko kwa hatari: punda asipokula, mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu na kulilemea ini, na kuna hatua ambayo akishaifikia humrudishi tena. Siku mbili au tatu bila kula si jambo la kungoja uone.

Kungwi akaletwa uani usiku uleule. Aliingia, akanusa nyasi za Risasi, akaanza kuzila. Risasi akamwangalia kidogo, naye akainamisha kichwa akala.

Gharama ya nyasi imekuwa mara mbili, kwa sababu Kungwi hali kama mgeni.

23 Mfungo Tano: mpandaji, kamba na fimbo

Mpwa wangu ndiye atakayepanda. Ana kilo 46. Mimi nina 78, na hilo limemaliza mjadala. Wale punda wa ufuoni Uingereza hawabebi mtu aliyezidi kilo 50 hivi, na wetu ni wadogo kuliko wa kwao. Ukiona mtu mzima mnene amempanda punda mbioni, mtazame punda anavyopepesuka miguu ya nyuma.

Mbio hizi hazina tandiko. Mpandaji hukaa nyuma kabisa, karibu na matako, miguu ikining'inia, mkono mmoja kwenye kamba. Anayeijaribu mara ya kwanza huteleza mbele mpaka mabegani, punda anasimama, na yeye anaendelea. Mpwa ameijua kwa kuanguka sana kwenye mchanga. Dawa yake ilikuwa kumnyima kamba kwa muda, akatembezwa mikono ikiwa kiunoni, mpaka mwili ukajifunza kukaa wenyewe. Ukishikilia kamba ili usianguke, kila mtikisiko wako unamvuta punda mdomo, naye anaelewa kwamba ameambiwa asimame.

Hatamu ya nailoni ya shilingi 200 tumeitupa, ilimchubua juu ya pua mara mchanga na chumvi vilipoingia katikati. Tumesuka nyingine ya kamba nene ya pamba, shilingi 350, na sehemu ya pua tumeizungushia kipande cha leso kuukuu. Lijamu, chuma cha mdomoni, hatutumii kabisa.

Fimbo tuliijaribu kwa sababu wote huijaribu. Matokeo: akipigwa matakoni anaongeza hatua chache, kisha anapunguza kuliko mwanzo. Akipigwa tena anasimama. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama kwanza afikiri, na ukimpiga katikati ya fikra zake utangoja sana. Sisi watu wa Lamu tunalijua hili tangu utotoni na bado tunabeba fimbo. Mpwa sasa anatumia sauti na kisigino.

3 Mfungo Sita: jipu la kwato

Siku nzuri za kukimbia za mwisho wa Mfungo Tano zimetupita bila kukimbia hata kidogo.

Tulitoka alfajiri, njiani Risasi akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Kufika Shela alikuwa anaugusisha chini kwa ncha tu. Hakuna uvimbe, hakuna mwiba. Lakini ukwato ulikuwa wa moto, na ukiweka kidole juu ya kifundo unasikia mshipa unagonga kwa nguvu, jambo ambalo kwa mguu mzima ni kazi kulisikia. Dalili hizo mbili pamoja, joto la ukwato na mshipa unaogonga, mara nyingi ni jipu ndani ya ukwato.

Sababu ilipatikana. Kwato za punda hunyonya maji kuliko za farasi, na za Risasi zilikuwa zinaloweshwa kila siku: mchanga mbichi ufuoni, kisha sakafu ya uani inayobaki na majimaji karibu na ndoo. Zikalainika, kijiwe kikapenya kwenye mstari mweupe wa chini, uchafu ukafungiwa ndani.

Kliniki walichonga kidogo pale penyewe mpaka usaha mweusi ukatoka, na palepale akaweka mguu chini. Kazi ya nyumbani ndiyo hii, yeyote anaweza kuiiga. Ndoo ya maji ya vuguvugu yenye chumvi nyingi, mguu ukae humo robo saa asubuhi na jioni. Futa, kausha. Kisha chukua nepi ya mtoto, ile ya kutupwa, ifunike ukwato wote upande wa pamba ukiwa ndani, na uizungushie tepi ya kijivu ya mafundi mara kadhaa, chini zaidi kuliko pembeni kwa sababu ndiko inakochakaa. Usipandishe tepi juu ya ngozi na kuikaza, utazuia damu. Nepi za mtoto mkubwa ndizo zinazotosha. Nepi, tepi na chumvi: shilingi 520, pamoja na maswali ya muuza duka, aliyetaka kujua mtoto ni wa lini.

Uani nimemwaga changarawe ndogo kavu mahali wanaposimama, na ndoo nimeihamishia pembeni. Baada ya kila zoezi kwato zinakwanguliwa na kukaushwa kwa kitambaa kabla ya kitu kingine chochote. Leo anatembea sawa. Mapigo yakiwa ametulia ni 40, chini ya mwanzo, kwa hiyo mapumziko hayakumharibia sana.

12 Mfungo Sita: kwa nini anakimbia

Tulipanga jaribio la kweli na vijana wenye punda watatu wengine, mchanga mgumu, jua ndiyo kwanza linatoka. Mkimbio ulianza karibu na nyumba za Shela kuelekea mbali na mji. Risasi alishika mkia. Si kwa kuchoka, maana mapigo yalishuka haraka alipomaliza. Alikimbia huku sikio moja limegeuzwa nyuma.

Kurudi, tulipokimbia kuelekea mjini, aliwaacha wote.

Mpwa ndiye aliyelisema: “Mjomba, huyu hakimbii mbio. Anarudi kwa Kungwi.”

Ukilitazama hivyo, kila kitu kinakaa mahali pake. Uzembe wa asubuhi na shoti ya jioni ni jambo lilelile. Kesho yake tukaja naye Kungwi tujaribu. Akiwekwa mahali pa kuanzia, Risasi hakubali kuondoka. Akifichwa nyuma ya tuta upande wa mwisho, Risasi anakwenda ovyo ovyo mpaka bibi atakapolia, na bibi halii kwa kuombwa. Akisimamishwa mwisho wa mkimbio, wazi, anaonekana, Risasi hahitaji kisigino wala sauti. Wale punda watatu hawakumkaribia.

Kijana mmoja akasema ni ujanja usiofaa. Ami, aliyekuja kutazama, alimjibu kwamba wengine mbio nzima wanapiga punda kwa fimbo na hakuna aliyeuita ujanja.

Sehemu hii haijagharimu kitu.

22 Mfungo Sita: kumzoesha kelele

Wageni wameanza kuingia, maboti yanajaa, Msikiti wa Riyadha watu hawapungui. Zoezi la kasi limekwisha. Wiki ya mwisho haimwongezei punda nguvu, inaweza kumpunguzia tu. Kinachobaki ni kichwa chake.

Tunamtembeza pwani ya mjini jioni, saa ambayo watu ni wengi, Kungwi akiwa mbele hatua chache. Ngoma na matari hayakumshughulisha, amezaliwa nayo. Vilivyomtisha ni viwili: bendera za plastiki zinazopigwa na upepo wa kusi, na kivuli cha kamba inayokatiza njia. Kivuli alikigomea kabisa. Hatukumvuta. Kungwi alikivuka, tukangoja, Risasi akakinusa, akakivuka kwa hatua ndefu. Tukarudia mpaka akaona upuuzi. Kwa wenye punda wasio na mwenza wa namna hii, njia ni hiyohiyo ila itachukua muda zaidi: mwache asimame, aangalie, anuse, asipigwe.

26 Mfungo Sita: mbioni

Asubuhi alikula nyasi kidogo na kunywa vizuri. Nilimkabidhi mpwa, mimi nikachukua kamba ya Kungwi kwenda mwisho wa mkimbio. Kwa hiyo nitakayosimulia ni ya mtazamaji, na ya mtazamaji aliyeshika punda.

Ushauri kwa atakayekuja kutazama: nenda mapema utafute pa juu. Baraza, dari, roshani ya mtu unayemjua. Vijana walikuwa wamepanda hadi kwenye milingoti ya majahazi yaliyotia nanga, na walikuwa na akili. Chini utaona visogo na, ukibahatika, masikio. Usisimame kwenye ukingo wa ukuta wa bahari. Watu wakisogea kupisha punda, wa mwisho huingia majini, na leo wameingia wawili, mmoja na simu yake. Na njia haibaki wazi. Umati unafunguka mbele ya punda wa kwanza na kujifunga nyuma yake, kwa hiyo wa nne na wa tano wanapita kwenye kichochoro cha watu.

Nilikuwa nimesimama na Kungwi katikati kabisa, ng'ambo ya mstari, kama tulivyofanya Shela. Kelele zilipoanza mbali, kila mtu akasogea mbele kuona. Msimamizi akatupungia mkono tutoke njiani, kwa haki yake, na wimbi la watu likatusukuma hadi kulia, ukutani, kabla ya kufika mstari. Kungwi akakasirika, akapiga kelele moja ndefu.

Nikaliona vumbi, kisha vichwa. Punda mweusi alikuwa mbele, Risasi wa pili na anamkaribia, mpwa amelala nyuma mikono imetulia. Hakushika fimbo. Nadhani angempata yule mweusi. Lakini Risasi alikwisha kuisikia ile sauti, sikio likageuka kulia, na hatua chache kabla ya mstari akakata kona kuja kwetu. Watu wakaruka. Mpwa alimvuta shingo akamrudisha njiani, na katika kupindapinda huko punda mwingine akawapita. Nafasi ya tatu.

Alipovuka tu alirudi mwenyewe, akasimama kichwa kwenye mkia wa Kungwi, anahema. Mapigo baada ya dakika kumi: 60, na yanashuka.

28 Mfungo Sita: hesabu na masahihisho

Kano hazina joto, kwato safi, anakula. Kesho kutwa anarudi kazini kwa nusu mzigo, na mito ya sufi.

Gharama, kwa shilingi: mito ya soji 450, nyasi 4,800, pumba magunia mawili 3,600, mahindi yaliyoishia kwa kuku 900, jiwe la chumvi 300, kamba mbili 550, nepi, tepi na chumvi 520, mpandaji 3,000. Jumla 14,120. Kipato kilichokosekana kwa siku za mapumziko na nusu mzigo, kwa daftari langu, ni kama 26,000. Bahasha ya nafasi ya tatu haikufika robo ya hapo. Anayeingia kwa kutafuta pesa atafute kwingine.

Ningeanza tena leo, ningeruka mahindi, fimbo na zizi la peke yake, na changarawe ningeimwaga kabla ya jipu. Mwenza hapaswi kusimama kwenye mstari wala pembeni yake. Awekwe mbele sana, hatua mia moja au zaidi kupita mwisho, mahali ambapo umati umeshaisha na njia imenyooka, ili punda avuke mstari akiwa bado anamfuata. Na aletwe mtu wa pili wa kumshika, maana mwenye punda akishaanza kushangilia kamba inalegea.

Novemba kuna Tamasha la Utamaduni, nalo huwa na mbio za punda. Risasi ataingia. Mpwa sina hakika naye. Jana tulimpima kwenye mizani ya duka la nafaka, ameshafika 48, na mama yake anampikia.